Tabora hadi ziwani, milimani, kisha nyumbani kwa njia nyingine

Safari hii ilikuwa ya mwisho wa Agosti 2024. Nimechelewa kuiandika kwa sababu daftari lilikaa chini ya kiti cha gari likinyonya mawese yaliyovuja kwenye dumu. Kurasa nyingine nimezisoma kwa kubahatisha, nyingine nimezijazia kwa picha, maana simu hukumbuka saa na mahali hata pale mwenye simu alipokuwa anasinzia.

Gari lilikuwa Toyota Probox, dereva mimi, abiria mjomba wangu, stesheni masta mstaafu. Njia ya Tabora kwenda Kigoma anaijua kituo kwa kituo, lakini kwa reli tu. Kwa barabara hakuwahi kuipita hata mara moja. Kwake Kigoma ni mwisho wa reli, na mwisho ni mwisho: unafika, kichwa cha treni kinageuzwa, unarudi ulikotoka. Nikamwambia siku hizi mtu anaingia Kigoma kwa mlango mmoja, anapanda milima ya mpakani na Burundi, anateremka Kasulu, halafu anarudi Tabora kupitia Mpanda bila kukanyaga alipopita, ukiacha kipande cha kati ya Kidahwe na Uvinza. Akasema, "Tutaona, mjomba," kwa sauti ile aliyokuwa akiwajibia abiria wanaouliza treni itafika saa ngapi.

Ijumaa 23 Agosti: Tabora – Kaliua – Uvinza

Tuliondoka giza halijaachia. Ndono, Usoke na Urambo ni lami safi, na asubuhi ile barabara ilikuwa ya baiskeli za mkaa na mbuzi wawili watatu wasioogopa honi. Masoko ya tumbaku yalikuwa yamefungwa. Mabondeni watu walishaanza kupasua udongo wa vitalu vya msimu ujao. Miombo nayo ilikuwa inatoa majani mapya, yale mekundu yanayotangulia kijani. Mtu asiyeijua Tabora angedhani misitu inaungua. Na kweli pembeni palikuwa panaungua pia, maana Agosti ndiyo mwezi wa kuchoma mashamba.

Chai na chapati Urambo, shilingi 3,000 kwa wawili. Mjomba akapata darasa la kufundisha: hapa ndipo alipotawala Mirambo hadi alipofariki mwaka 1884, na hapa hapa ndipo Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947, sambamba na Kongwa na Nachingwea. Miaka minne baadaye walikuwa wameshausitisha. "Walileta matrekta kwanza, mvua wakaiuliza baadaye," alisema, na mama muuza chai akacheka mpaka akamwaga maziwa.

Kaliua ndipo reli inapoachana: mkono mmoja Kigoma, mwingine Mpanda. Tawi la Mpanda lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Mjomba alitaka tusimame aangalie sehemu ya kubadilishia njia. Tukasimama. Alikaa pale dakika kumi hivi akiwa na mikono nyuma, kisha akarudi garini bila neno.

Nguruka tulikula kambale wa mchuzi na ugali, shilingi 5,000 kila mmoja. Baada ya hapo nchi inashuka na kufunguka: mafunjo, maji yaliyotulia, ndege weupe. Hili ni bonde la Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za kimataifa, mwaka 2000. Daraja la Kikwete linavuka mto wenyewe. Tulishuka kupiga picha upande wa pili, tukakuta vijana wa pikipiki nao wamesimama kwa sababu ileile. Mmoja akajitolea kutupiga sisi wawili. Picha hiyo imetoka vizuri kuliko zote nilizopiga mimi.

Kutoka Malagarasi hadi Uvinza, kilomita 51 hivi, ujenzi wa lami ulikuwa unaendelea. Mchepuko mmoja baada ya mwingine, vumbi la unga, malori ya maji yakipita kulilaza. Kipande hicho peke yake kilitula saa mbili. Kama ujenzi haujaisha, anayepita huko na gari la chini aende taratibu na afunge madirisha kila lori linapokuja mbele. Kitambaa cha kufutia kioo kiwe karibu na mkono, si kwenye buti.

Uvinza tuliingia jua lingali juu. Chumba shilingi 20,000, maji ya ndoo, chandarua kizima.

Jumamosi 24 Agosti: Uvinza – Kigoma – Ujiji

Asubuhi tulikwenda kuangalia chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza ziko karibu na pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na watu wamekuwa wakichemsha chumvi hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kabla ya Wajerumani na kabla ya reli, chumvi ya Uvinza ilikuwa inatembea hadi ziwani na ng'ambo yake. Kiwandani hatukuingia kwa sababu kunahitaji kibali, lakini barabarani tulipata mama anayeuza kwa mifuko. Kilo tano. Mjomba alilamba kidole, akasema ni ileile ya ujana wake, ilikuwa ikipakiwa mabehewa kwa mabehewa.

Uvinza hadi Kigoma ni lami, kupitia Kazuramimba na Kidahwe, na ni mwendo wa saa moja na nusu ukiheshimu vibao vya 50. Viheshimu. Askari wenye tochi hukaa mwisho wa kijiji, pale ambapo mguu wa dereva umeshaanza kukanyaga mafuta. Mkoani Kigoma pia kuna vizuizi vya ukaguzi wa vitambulisho, kwa sababu ya mpaka. Kuwa na kitambulisho cha taifa mfukoni, si kwenye begi lililo chini ya mizigo yote. Sisi tuliulizwa mara kadhaa, salamu kwanza, kitambulisho baadaye, safari njema.

Ziwa linajitokeza ghafla. Unateremka kati ya migomba na michikichi, halafu upande wa kushoto mbele yako ardhi inakatika na bluu inaanza. Kwa bahati mbaya siku ile bluu yenyewe ilikuwa ya kijivu: moshi na vumbi la kiangazi vilikuwa vimeifuta milima ya Kongo kabisa. Anayetaka picha ya milima ya ng'ambo aje mvua zikishaosha hewa. Anayetaka barabara kavu aje Agosti. Vyote viwili kwa pamoja huvipati.

Mjomba akanielekeza stesheni moja kwa moja, hata chumba hatujatafuta. Jengo la Wajerumani liko palepale chini karibu na maji, reli ilifika hapa mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam. Alijitambulisha kwa kijana wa zamu. Kijana akanyanyuka, akampa kiti chake mwenyewe, akamwita "mzee wetu", akatuma mtu alete soda. Wakazungumza mambo ya tokeni (kile kibali anachopewa dereva wa treni kuingia kipande cha njia), mabehewa na reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Kijana alikataa kupokea hela ya soda.

Mchana: mgebuka, samaki wa ziwani, wa kukaanga, ugali wa muhogo, na maharage ya mawese. Shilingi 8,000 sahani. Ugali wa muhogo kwa sisi wa Tabora si mgeni, ila wa Kigoma huwa mweupe na unavutika zaidi, na hauliki kwa haraka. Mgebuka mwembamba ni mtamu kuliko mnene. Mwambie mpishi unataka aliyekaangwa sasa hivi, usiletewe wa asubuhi aliyepashwa moto.

Jioni tukaenda Ujiji. Kwenye makumbusho ya Livingstone kuna mnara na miembe iliyotokana na ule mwembe ambao Stanley alimkuta daktari karibu yake mwaka 1871. Kijana anayeongoza wageni anaisimulia kwa ufundi, lakini mjomba alivutiwa na kitu kingine: ramani ya njia ya misafara. Kutoka Ujiji inapita Uvinza, inakwenda Tabora, inateremka mpaka Bagamoyo. Watumwa walitembezwa humo kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Akaweka kidole Ujiji, akakisogeza hadi Tabora, akasema, "Jana na leo tumekuwa ndani ya njia hii hii." Basi. Hatukuongea sana hadi tulipofika kwa wauza samaki.

Kwa mgeni: Kigoma iko magharibi sana lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Mwisho wa Agosti jua linazama saa moja na dakika chache usiku. Unapata saa nzima ya mwanga ya ziada jioni, na unaikosa asubuhi. Ukipanga kuondoka saa kumi na mbili alfajiri, utaondoka na taa.

Jumapili 25 Agosti: Kigoma

Siku ya kupumzisha gari. Kibirizi, mwalo wa wavuvi, asubuhi palikuwa pamejaa. Mwaka ule nchi zinazopakana na ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo sisi tulifika ziwa likiwa limefunguliwa siku chache tu. Mvuvi mmoja, anashona wavu kwa vidole vya mguu na mkono, alitueleza kwamba wiki ya kwanza walikwamishwa na mbalamwezi: dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi. Sasa mwezi ulianza kuchelewa kuchomoza, wanaingia giza. "Usiku wa leo angalia ziwani, utadhani kuna mji," alisema.

Dagaa wa kukausha walikuwa wametandazwa juu ya chanja na mchanga, akina mama wakiwageuza na kufukuza kunguru. Nilinunua kilo mbili kwa shilingi 28,000 kila kilo baada ya mvutano mrefu ambao mjomba aliuongoza akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Muuzaji alianzia 35,000. Mwisho alituongezea viganja viwili "vya mzee", na akatufundisha namna ya kuwatambua waliokaushwa kwenye mchanga: wachukue wachache, wasugue, sikiliza. Lita tano za mawese tulizipata hapohapo, na kifuniko cha dumu hilo ndicho kilichokuja kuadhibu daftari.

Gombe, hifadhi ya sokwe kaskazini mwa Kigoma, haifikiki kwa gari. Hifadhi haina barabara. Boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini huondokea Kibirizi, na boti ya kukodi ni ghali kwa watu wawili. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka huko Julai 1960 akiwa na mama yake na mpishi. Sisi tuliamua kuizunguka kwa nyuma, kwa milimani, siku inayofuata.

Bandarini tuliiona meli ya Liemba kwa mbali. Wakati ule ilikuwa haisafiri. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikaingizwa majini hapa Kigoma mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikaanza kazi tena 1927 kwa jina jipya. Mjomba anasema walioipaka injini grisi kabla ya kuizamisha meli ndio mafundi anaowaheshimu kuliko wote duniani, na majina yao hayajui.

Usiku tulikaa Katonga. Saa nne taa zikaanza, moja, tatu, halafu mstari mzima. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, sasa ni taa za betri, nyeupe zaidi.

Jumatatu 26 Agosti: Mwandiga – Kalinzi – Manyovu

Hii ndiyo siku ambayo ningeirudia hata kesho.

Mafuta tulijaza mjini, petroli ikiwa karibu 3,400 kwa lita. Ukifika njia panda ya Mwandiga unashika kaskazini, na kuanzia hapo barabara haijui kwenda sawa. Ni lami ya kilomita 60 hivi hadi mpakani, na inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kona kwa kona. Ziwa liko kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Ukifika Kalinzi umeshapita mita 1,500. Masikio yanaziba, mafuta yanashuka, dirisha unalifunga mwenyewe bila kuambiwa.

Mimea inabadilika mbele ya macho. Chini michikichi na mihogo. Juu kidogo migomba inaanza kushikana. Juu zaidi ni kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, na nyumba za matofali mekundu zimening'inia kwenye miteremko ambayo mtu wa Tabora asingefunga hata mbuzi. Hakuna kipande cha ardhi kinachokaa bure. Mjomba, ambaye kwake shamba ni kitu tambarare, alikuwa anauliza swali moja kila kona: "Sasa huyu akidondosha jembe analifuata mpaka wapi?"

Kwenye kona moja juu ya Mkongoro tulisimama na kutazama tulikotoka. Ziwa lilikuwa utepe hafifu ndani ya ukungu wa kiangazi, na kati yetu na ziwa, nyuma ya matuta ya magharibi, ndiko ilikokuwa Gombe. Milima ya upande huu ililimwa hadi kileleni miaka mingi, na mvua zikashusha udongo. Tangu 1994 taasisi ya Goodall imekuwa ikifanya kazi na vijiji hivi kurudisha misitu yao na kuboresha kahawa. Kuna matuta yenye kichaka cha kweli sasa, na mengine bado yana upara. Vyote unaviona kutoka barabarani, huhitaji kuambiwa na mtu.

Kalinzi ilitupokea kwa baridi. Ilikuwa siku ya shughuli, mikungu ya ndizi imepangwa kando ya lami, baiskeli zikisukumwa na mizigo inayomficha anayesukuma. Tulipoegesha, tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limelala. Msumari. Kabla sijafungua buti kijana wa bodaboda alikuwa ameshapiga magoti, anafungua nati kwa spana yake. Akafunga tairi kwenye pikipiki, akaondoka nalo. Mjomba akanitazama. Nikamtazama. Mama mmoja aliyekuwa akiuza parachichi akasema, "Atarudi, ni mtoto wa hapa. Mzee, karibu ndani, huku nje utapigwa na baridi."

Ndani palikuwa jikoni, moto, sufuria la viazi. Tulipewa viazi vitamu na chai ya rangi yenye tangawizi, na mazungumzo ya bei ya kahawa. Wakulima wa huku wana ushirika wao, Kanyovu, wanaosha na kukoboa wenyewe, na kahawa yao ya arabika inapendwa nje. Nilipouliza kama anainywa, mama alisema anainywa siku ya wageni, lakini leo maji ya chai yalikuwa yameshachemka. Kijana akarudi baada ya nusu saa, tairi limezibwa, shilingi 5,000 ya fundi na yake "chochote". Nikampa 5,000 nyingine. Mama hakutaka malipo. Mjomba, ambaye hajawahi kutoka mahali bila kulipa, akanunua parachichi zake zote zilizobaki. Tulikula parachichi hadi Mpanda.

Baada ya Kalinzi na Matyazo barabara inatembea juu ya migongo ya milima, kulia mabonde, kushoto mabonde. Ukungu wa jioni ulishuka mapema na nikawasha taa. Kwa atakayekuja: breki ziangaliwe Kigoma, si huku, kwenye miteremko tumia gia ndogo, usipite kona ukiwa katikati ya barabara, maana malori ya Burundi nayo yanazipenda kona hizo. Mvua zikianza, ondoka asubuhi.

Manyovu ni mji wa mpakani: mabasi, malori, wabadilisha fedha, Kiswahili, Kiha na Kirundi katika sentensi moja. Chumba 15,000 na blanketi mbili, zote tulizihitaji. Tulitembea hadi karibu na kituo cha forodha, tukatazama barabara ikiteremka kuingia Burundi. Mjomba akasimama pale kama alivyosimama Kaliua. Akasema, "Kumbe inaendelea."

Jumanne 27 Agosti: Manyovu – Buhigwe – Kasulu

Zamani kipande hiki kilikuwa cha udongo mwekundu, na madereva wa Kasulu wana hadithi zake. Sasa ni lami mpya, pana, michoro yake bado inang'aa. Ni kilomita 70 hivi na tulitumia nusu siku kwa sababu tulisimama kila mahali.

Heru Juu tulisimama kwa makusudi. Hapa palikuwa makao ya mwami, yaani mtawala, wa Heru, na aliyetawala kabla ya uhuru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Mjomba alilikuta jina lake kwenye magazeti ya zamani lakini hakuwahi kufika kwake. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe alituonyesha upande ulikokuwa uwanja, kwa fimbo, na akaanza kutaja watawala kwa ukoo wao hadi nikashindwa kuandika. Alikuwa anasubiri salamu za Kiha kutoka kwetu. Mjomba alijaribu mbili alizozikumbuka kutoka kwa makuli wa stesheni, mzee akacheka na kutusindikiza hadi garini.

Kasulu ni mji wa soko. Maharage ya kila rangi, karanga, ndizi mbivu, nguo za mtumba. Chakula cha usiku wali na maharage, 3,000. Kulala 25,000 na maji ya moto, anasa ya kwanza tangu tuondoke.

Jumatano 28 Agosti: Kasulu – Uvinza – Mpanda

Siku ndefu, sehemu yake ya kwanza haina la kusimulia: lami hadi Kidahwe, kisha Uvinza, ambako tulijaza tangi na dumu la akiba. Fanya hivyo pia. Kutoka Uvinza kwenda kusini vituo vya mafuta ni vichache, na lami ilikuwa bado haijaungana. Changarawe na udongo vilitusubiri kwa masaa kabla ya kuikuta tena tukiikaribia Mpanda.

Ni misitu mitupu. Upande wa magharibi ni nchi ya Watongwe, Masito hadi Mahale, na sokwe wanaishi hata huku kwenye miombo mikavu, si Gombe na Mahale tu. Hatukuwaona. Tuliona nyani, kanga, na mbung'o waliotufuata kwa vioo. Funga madirisha ukipunguza mwendo, na usivae nguo za buluu au nyeusi. Mbung'o wanazipenda, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Katikati ya safari tulikuta lori limesimama na bonde jembamba mbele yake, changarawe imezolewa. Dereva wake alishuka, akaangalia tumbo la Probox, akatembea mbele yetu akituonyesha kwa mikono tairi lipite wapi, mita kama hamsini, mguu wa kulia, kushoto, simama, njoo. Halafu akarudi kwenye lori lake kuendelea kusubiri mwenzake mwenye jeki. Tulimwachia parachichi na maji.

Karibu na njia ya Mishamo tulinunua mihogo ya kuchoma kwa mama mwenye lafudhi ya Kirundi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi matatu, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Mzunguko wetu unapita jirani na makazi yote matatu. Mjomba alimuuliza mama anatoka wapi, akajibu, "Hapa," akaendelea kugeuza mihogo. Mihogo ilikuwa 500 kipande.

Mpanda tuliingia usiku, rangi ya gari haijulikani. Kuoshwa, 10,000, na kijana aliyeosha alidai nyongeza kwa sababu ya injini. Alistahili.

Alhamisi 29 Agosti: Mpanda – Koga – Sikonge – Tabora

Zaidi ya kilomita 300, lami tupu. Barabara hii ilikuwa ya kutisha masika, hasa pale mto Koga ulipokuwa ukifurika. Sasa unavuka darajani ukiwa unamenya chungwa. Hatari yake mpya ni usingizi. Msitu ni uleule saa baada ya saa, nyoofu, na watu ni wachache. Badilishaneni usukani kama mna leseni wawili. Mjomba hana, kwa hiyo alipewa kazi ya kuongea, na aliifanya.

Kuanzia Inyonga mizinga inaonekana juu ya miti, ya magogo na ya magome. Sikonge tulinunua asali lita tano kwa 60,000 baada ya kuionja kwenye madumu manne. Ile nyeusi zaidi ndiyo tuliyoichukua. Omba risiti: kwenye vizuizi vya mazao ya misitu wataiulizia.

Tabora tuliingia kwa barabara ya kusini, saa kumi jioni. Mzunguko ulikuwa kama kilomita 1,400, na mafuta yalikula shilingi 350,000 na ushei. Mke wa mjomba alikuwa mlangoni. Alifungua mfuko wa dagaa, akausogeza puani, akaupima kwa mkono.

"Mmekaa ziwani siku mbili mkaniletea hizi?"

"Mama, ziwa ndiyo limefunguliwa," mjomba akasema.

"Na mawese?"

Mjomba akanigeukia. Nikaenda kulichukua dumu, na daftari.